Mfano Uliotangulia Kanuni: Historia ya Viwango vya Wavuti na Upatanifu wa Vivinjari katika Mifano ya Msimbo, 1991–2022

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya viwango vya lugha za wavuti kuanzia 1991 hadi 2022 kwa kuuangalia mfano wa msimbo, yaani kipande kifupi cha maandishi ya programu ambacho mwanafunzi hukinakili, hukibadilisha kidogo na kukitumia. Hoja inayojengwa ni kwamba waraka wa kiwango haukutawala kwa nguvu zake wenyewe. Ulitawala pale ulipoingia katika mifano iliyonakiliwa na katika majaribio yaliyoonekana kwa macho. Na pale ulipopingana na mifano iliyokwisha kuenea, mara nyingi waraka ndio uliorekebishwa. Baada ya kuonesha jambo hilo katika historia ya vivinjari, makala yanageukia Kiswahili, ambacho kurasa zake huweza kutangazwa kuwa za Kiingereza kwa sababu tu ya mstari mmoja ulionakiliwa. Yanahitimisha kwa mapendekezo kwa vyombo vinavyosimamia lugha na manunuzi ya umma katika Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Mwalimu yeyote wa lugha anafahamu kwamba mwanafunzi huishika sentensi kabla hajaishika kanuni. Ukimpa kanuni sahihi na mfano wenye kasoro, ataondoka na kasoro. Wataalamu wa Kiswahili wana ushahidi wa jambo hili katika historia yao wenyewe. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Hata hivyo, uamuzi huo haukuwafikia watu kama uamuzi. Uliwafikia kupitia vitabu vya shule, ambavyo Kamati ilivisoma, ikavisahihisha na kuviidhinisha. Maelfu ya wanafunzi waliojifunza tahajia sanifu hawakupata kuuona waraka wowote wa Kamati, waliviona vitabu.

Makala haya yanalipeleka swali hilo katika uwanja mwingine wa usanifishaji, nao ni lugha zinazoandikwa kurasa za wavuti. Lugha hizo ni tatu: HTML, inayoupa ukurasa muundo, CSS, inayoupa sura, na JavaScript, inayoupa utendaji. Kivinjari ni programu inayozisoma lugha hizo na kumwonesha mtumiaji ukurasa. Kiwango ni waraka unaoeleza jinsi kila kivinjari kinavyopaswa kuzifasiri. Upatanifu ni hali ya ukurasa mmoja kufanya kazi ileile katika vivinjari tofauti. Swali ni hili: kati ya kanuni iliyoandikwa na mfano ulionakiliwa, ni kipi kilichoongoza matumizi?

Swali hili si la wanateknolojia pekee. Serikali za ukanda wetu zinahamishia huduma katika wavuti, na Kiswahili kinaandikwa humo kila siku. Kwa hiyo, mshauri wa sera anayedhani kwamba kutangaza kiwango kunatosha anahitaji kuiangalia historia hii.

2. Kivinjari kama mwalimu asiyesahihisha, 1991–1995

Tim Berners-Lee aliibuni wavuti akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, na mwishoni mwa 1991 alitoa orodha fupi ya lebo za HTML pamoja na maelezo yake. Nyingi zilifanana na lebo zilizokuwa zikitumika tayari katika nyaraka za CERN. Haikuwa sheria bali maelezo ya mazoea.

Mambo mawili ya miaka hiyo yaliamua mengi yaliyofuata. La kwanza ni kwamba vivinjari vilimruhusu msomaji kufungua na kuyaona maandishi asilia ya ukurasa wowote. Hivyo kila ukurasa uliochapishwa ukawa pia mfano wa msimbo, na kila mwandishi akawa mwalimu wa wengine bila kukusudia. La pili ni kwamba vivinjari havikulalamika. Mwandishi aliyesahau kufunga lebo, au aliyezipanga lebo ovyo, bado aliuona ukurasa wake. Kwa kuwa mwanafunzi aliupima usahihi kwa macho, alihitimisha kwamba alichokiandika ni sahihi.

Tukio la Februari 1993 linaonesha mwelekeo huo mapema. Marc Andreessen, aliyekuwa akitengeneza kivinjari cha Mosaic katika Chuo Kikuu cha Illinois, alipendekeza lebo mpya ya kuingiza picha, img. Wenzake walitoa mapendekezo mengine yaliyofikiria aina nyingi za vyombo vya habari, si picha tu. Mjadala ukiwa haujafikia mwafaka, Mosaic ilitolewa ikiwa na img, watu wakaiga, na mjadala ukafungwa na matumizi. Kiwango rasmi cha HTML 2.0 kilipochapishwa Novemba 1995, chenyewe kilieleza kwamba kinalingana kwa jumla na HTML iliyokuwa ikitumika kabla ya Juni 1994. Kiwango, basi, kilifika baada ya mifano.

3. Lahaja mbili, 1995–2001

Netscape Navigator ilitolewa Desemba 1994, na Internet Explorer ya Microsoft ikafuata Agosti 1995. Shirika la World Wide Web Consortium, W3C, lilikuwa limeanzishwa Oktoba 1994 ili kusimamia viwango, lakini kampuni hizo mbili zilishindana kwa kuongeza mambo mapya kabla ya makubaliano. Netscape ilileta lebo blink iliyofanya maneno yamemeteke; Microsoft ikajibu kwa marquee iliyoyafanya yatembee. JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich kwa ajili ya Netscape mwaka 1995, ilipata mwenzake wa Microsoft aliyeitwa JScript mwaka 1996, na kiwango cha pamoja kikachapishwa Juni 1997.

Mgawanyiko ulidhihirika zaidi mwaka 1997, katika toleo la nne la vivinjari vyote viwili. Mwandishi aliyetaka kukishika kipande fulani cha ukurasa ili akifiche au akisogeze alitumia document.layers katika Netscape na document.all katika Internet Explorer. Njia hizi mbili hazikukutana. Mifano ya msimbo ya wakati huo ikaanza kubeba njia panda: kama document.all ipo, fanya hivi, kama document.layers ipo, fanya vile. Oktoba 1998 W3C ilitoa kiwango kilichozipatanisha pande zote mbili kwa amri moja, getElementById. Lakini mifano ya njia panda ilikuwa imekwisha kuchapishwa na kunakiliwa kote.

CSS ilipatwa na mkasa unaofanana na huo. Kiwango chake cha kwanza, kilichotolewa Desemba 1996, kilieleza kwamba upana wa kisanduku ni upana wa yaliyomo tu, na kwamba nafasi ya ndani na mpaka huongezwa juu yake. Kisanduku cha upana wa 300, chenye nafasi ya ndani ya 20 na mpaka wa 5 kila upande, kinapaswa kuchukua 350. Internet Explorer ya Windows, hadi toleo la 5.5, ilivihesabu vyote ndani ya 300. Mwandishi aliyefuata kiwango alipata ukurasa uliobanwa katika kivinjari chenye watumiaji wengi kuliko vyote. Ndiyo maana waandishi wengi waliacha kukifuata kiwango wakakifuata kivinjari, na kurasa zikabandikwa tangazo la kumshauri msomaji atumie kivinjari fulani. Tangazo hilo lilimwachia msomaji mzigo ambao ulipaswa kubebwa na mwandishi na kampuni.

4. Kiwango kinapogeuzwa kuwa mfano, 1998–2005

Mwaka 1998 kundi la waandishi wa wavuti, Jeffrey Zeldman akiwa miongoni mwao, lilianzisha Web Standards Project ili kuzishinikiza kampuni zifuate viwango vilivyokwisha kuchapishwa. Mafanikio ya harakati za kipindi hicho yanaeleweka vizuri zaidi yakigawanywa katika njia tatu, na zote tatu zinahusu mfano.

Njia ya kwanza ilikuwa jaribio linaloonekana. Mwaka 1998 Todd Fahrner alitengeneza ukurasa mmoja wa kupima CSS, ambao baadaye uliitwa Acid1. Kivinjari kilichofuata kiwango kiliuchora sawasawa na picha ya marejeo, na kilichokosea kilionekana kimekosea. Acid2 ilifuata Aprili 2005 ikiwa na umbo la uso unaotabasamu. Jambo la kuzingatia ni kwamba mtu asiyeweza kuusoma waraka wa kiwango aliweza kuona kwamba uso umevurugika. Kwa mara ya kwanza kosa la kivinjari lilikuwa na ushahidi ambao hata mwandishi wa gazeti angeweza kuuchapisha.

Njia ya pili ilikuwa kuilinda mifano ya zamani bila kuzuia mipya. Internet Explorer 5 ya Macintosh, iliyotolewa Machi 2000, ilileta utaratibu ambao vivinjari vingine viliufuata. Kama ukurasa ulianza na tamko la aina ya waraka, yaani DOCTYPE, lililoandikwa kwa ukamilifu, kivinjari kiliufasiri kwa kiwango. Kama haukuwa nalo, kiliufasiri kwa mazoea ya zamani. Utaratibu huu ulitegemea ukweli mmoja wa kihistoria: mifano mingi ya miaka ya tisini haikuwa na mstari huo. Kukosekana kwa mstari kukawa ushahidi wa umri. Hadi leo DOCTYPE huandikwa juu ya kila ukurasa kwa sababu hiyo.

Njia ya tatu ilikuwa mfano mzuri wenye kuvutia. Mei 2003 Dave Shea alifungua CSS Zen Garden. Hapo waraka mmoja wa HTML, ambao haukuruhusiwa kubadilishwa, ulivalishwa sura nyingi tofauti kwa kubadilisha CSS peke yake. Kwa miaka kadhaa watetezi wa viwango walikuwa wakieleza kwamba muundo na sura vitenganishwe. Zen Garden iliwapa watu kitu cha kufungua, kusoma na kuiga, na wabunifu walioiona kanuni hiyo kuwa kavu wakaikubali walipoona matokeo yake.

Firefox 1.0 ilipotolewa tarehe 9 Novemba 2004, ilikuta waandishi wa kutosha ambao kurasa zao zilifanya kazi nje ya Internet Explorer. Bila mifano iliyotangulia, kivinjari hicho kipya kingekuwa na kurasa chache za kuzionesha vizuri.

5. Kanuni kali na mipaka yake, 2000–2014

Wakati harakati hizo zikiendelea, W3C yenyewe ilikuwa imeshika njia nyingine. XHTML 1.0, iliyotolewa Januari 2000, iliiandika upya HTML kwa sarufi kali ya XML. Chini ya sarufi hiyo kosa moja, hata lebo moja isiyofungwa, linapaswa kuusimamisha ukurasa mzima. Lengo lilikuwa kumaliza uzembe uliozoeleka tangu 1991.

Ukali huo haukupata kutekelezwa kwa upana. Internet Explorer haikuukubali utaratibu rasmi wa kutuma XHTML hadi toleo la tisa, mwaka 2011. Hivyo waandishi waliandika XHTML lakini wakaituma kama HTML ya kawaida, na vivinjari vikaisamehe kama vilivyozoea. Mifano ya kipindi hicho ilijaa alama za mkwaju kabla ya mabano ya kufungia, ambazo wanakili wengi waliziandika bila kujua zilikusudiwa kufanya nini. Umbo la kanuni lilienea, nguvu yake ikabaki nyuma.

Juni 2004, baada ya W3C kulikataa pendekezo lililotolewa na Mozilla na Opera la kuiendeleza HTML iliyokuwapo, wataalamu wa Mozilla, Opera na Apple walianzisha kundi lao, WHATWG. Hatua yao ilikuwa na sura ya kitafiti inayofahamika kwa wanaisimu: walianza kwa kukusanya data ya matumizi. Mwaka 2005 Ian Hickson, akiwa Google, alichunguza zaidi ya nyaraka bilioni moja ili aone waandishi wanatumia lebo na majina gani kwa kweli. Mwaka 2008 kampuni ya Opera ilipima takribani kurasa milioni 3.5 na kukuta kwamba asilimia 4.13 tu ndizo zilizofuata sarufi ya kiwango. Kama kiwango kingehesabiwa kuwa sheria ya kuwafungia nje wakosaji, wavuti karibu yote ingefungwa.

HTML5, iliyoidhinishwa na W3C tarehe 28 Oktoba 2014, ilitoa jibu tofauti na la XHTML. Haikuhalalisha makosa, kwani mwandishi bado anaelekezwa kuandika kwa usahihi. Lakini iliagiza kwa undani kila kivinjari kilifasirije kila kosa, ili vyote vikosewe kwa namna moja na kuonesha kitu kilekile. Mei 2019 W3C na WHATWG walikubaliana kufanya kazi juu ya waraka mmoja. Wanaisimu watatambua hapa tofauti ya zamani kati ya sarufi elekezi na sarufi fafanuzi, isipokuwa kwamba HTML5 iliziweka zote mbili katika kitabu kimoja: elekezi kwa mwandishi, fafanuzi kwa kivinjari.

6. Masalia ya mifano ndani ya viwango

Kama mifano hupita na kusahaulika, viwango vya leo visingebeba alama zake. Vinne vifuatavyo ni ushahidi kwamba vinabeba.

Kwanza ni jina Mozilla. Netscape ilijitambulisha kwa seva kwa jina hilo, na misimbo ya seva ikaandikwa kutuma kurasa bora kwa kivinjari chenye jina hilo tu. Internet Explorer, isiachwe nje, ikajitambulisha kuwa Mozilla. Wengine wakafuata. Chrome ilipotolewa 2008 ilijieleza kwa majina ya Mozilla, AppleWebKit, KHTML, Gecko na Safari pamoja na lake lenyewe, ili isikataliwe na msimbo wowote wa zamani.

Pili ni document.all. Vivinjari vilivyokuja baadaye vilijikuta kati ya aina mbili za kurasa. Kurasa za aina ya kwanza ziliitumia document.all moja kwa moja, na bila hiyo zingekwama. Za aina ya pili ziliuliza kwanza kama ipo, na zikijibiwa ndiyo zingeshika njia ya zamani ya Internet Explorer. Suluhisho lililowekwa katika viwango ni kwamba document.all ipo na inafanya kazi, lakini ikiulizwa kama ipo hujibu kwamba haipo. Kiwango cha JavaScript kina kifungu maalumu cha kuiruhusu hali hii, na kiwango cha HTML kinakiri waziwazi kwamba huo ni ukiukaji wa makusudi. Internet Explorer 11 yenyewe, mwaka 2013, iliukubali utaratibu huo.

Tatu ni kiambishi -webkit-. Kampuni zilikubaliana kwamba sifa za CSS zilizo katika majaribio zianze na kiambishi cha kivinjari husika, ili mwandishi ajue kwamba si kiwango. Baada ya iPhone kutoka 2007, mifano mingi ya kurasa za simu iliandikwa kwa -webkit- peke yake. Mwaka 2012 Opera ilitangaza kukikubali kiambishi cha mshindani wake, na Firefox ikafuata 2016. Leo baadhi ya sifa hizo zimeandikwa ndani ya kiwango zikiwa na kiambishi kilekile kilichokusudiwa kusema kwamba hazimo.

Nne ni neno flatten. Mwaka 2018 kamati ya JavaScript ilitaka kulitumia kwa amri mpya. Ikagundulika kwamba maktaba ya zamani ya msimbo iitwayo MooTools ilikuwa imelitumia jina hilo kwa namna ambayo ingevunja kurasa zilizokuwa bado zinaitegemea. Kamati ikachagua flat.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Katika mifano hii minne taabu ilizifikia kamati, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwarudia mamilioni ya wanakili ili kuwasahihisha. Kuvunja kurasa zao kungewaumiza wasomaji ambao hawakuandika kosa lolote.

7. Sera iliyofungwa katika kivinjari kimoja: Korea Kusini

Hadi hapa imezungumzwa juu ya kampuni na kamati. Kisa cha Korea Kusini kinaonesha kinachotokea serikali inapoingia. Mwishoni mwa miaka ya tisini usimbaji wenye nguvu uliotoka Marekani ulikuwa umewekewa vizuizi, na Korea Kusini ilitengeneza usimbaji wake, SEED, na kuweka sheria ya saini za kidijitali. Lengo lilikuwa jema: kulinda miamala ya raia. Lakini vivinjari vya wakati huo havikuifahamu SEED, hivyo iliingizwa kupitia ActiveX, teknolojia ya Microsoft iliyofanya kazi katika Internet Explorer peke yake. Benki, maduka na ofisi za umma zikaujenga utaratibu uleule.

Kwa miaka mingi raia aliyetumia kivinjari kingine alishindwa kufanya miamala ya kawaida katika nchi iliyosifika kwa kasi ya intaneti yake. Kivinjari kilipokuwa kimepoteza nafasi yake duniani, ofisi ziliendelea kukihitaji. Sheria mpya iliyoiondolea saini iliyoidhinishwa hadhi yake ya pekee ilianza kutumika Desemba 2020, na Microsoft iliustaafisha mtandaoni mfumo wa Internet Explorer 11 katika Windows 10 Juni 2022. Katika kisa hiki hapakuwa na uzembe wa kitaalamu. Palikuwa na lengo la sera lililotekelezwa kwa mfano mmoja, na mfano huo ukadumu kuliko sababu iliyouzaa.

8. Kiswahili ndani ya mfano wa wengine

Historia iliyoelezwa inagusa Kiswahili mahali ambapo ni rahisi kutopaona. HTML 4.0 ya Desemba 1997 iliweka katika kiwango sifa iitwayo lang, inayotaja lugha ya ukurasa. Msimbo wa Kiswahili ni sw, na nchi huweza kuongezwa panapohitajika: sw-TZ, sw-KE, sw-UG, sw-CD. Kisoma skrini kinachotumiwa na msomaji asiyeona huitegemea sifa hiyo ili kuchagua sauti na kanuni za matamshi. Programu za kusahihisha tahajia na za kutafsiri nazo huweza kuitumia. Mwongozo wa W3C kuhusu ufikivu, WCAG 2.0 wa Desemba 2008, uliliweka tamko la lugha ya ukurasa katika ngazi A, yaani ngazi ya chini kabisa ya masharti.

Sasa tuuangalie mfano. Zana zinazowaandikia watengenezaji mwanzo wa ukurasa, na masomo mengi ya HTML, huanza na mstari huu: <html lang="en">. Emmet, zana iliyomo katika vihariri vingi vya msimbo, huutoa mstari huo mwandishi anapoandika alama moja ya mshangao. Mwandishi wa Kiswahili hufuta maneno ya Kiingereza yaliyomo katika mfano na kuweka yake, kisha huuacha mstari wa kwanza kama ulivyo. Ukurasa haujavunja sarufi ya HTML. Katika skrini hauna kasoro. Katika kila kivinjari unaonekana vilevile. Hata hivyo umejitangaza kuwa wa Kiingereza.

Anayelipa ni msomaji asiyeona. Maneno kama pole, wake na mate yana umbo la maneno ya Kiingereza, na sauti iliyoelekezwa kusoma Kiingereza huyatamka hivyo; maneno mengine hupotoshwa irabu na mkazo hadi sentensi inakosa maana. Tangazo la afya au fomu ya serikali iliyoandikwa kwa Kiswahili fasaha inaweza kumfikia mtu huyo kama kelele. Mwandishi wa makala haya hajitoi katika lawama: nyenzo za kufundishia alizozitayarisha kwa Kiswahili zilibeba lang="en" kwa muda mrefu kabla hajazifungua na kuusoma mstari wa kwanza. Alikuwa amehariri kila neno isipokuwa lile lililotaja lugha.

Mfano wa pili ni mdogo lakini hueleweka haraka. Mifano mingi ya JavaScript huyafunga maneno kwa alama moja ya nukuu. Mwanafunzi akiandika 'ng'ombe' kwa kufuata mfano huo, alama iliyo katika ng' huhesabiwa kuwa mwisho wa neno, na programu hukwama. Kiingereza nacho kina alama hiyo katika vifupisho, lakini katika Kiswahili ni sehemu ya tahajia ya konsonanti, na mwandishi hawezi kuikwepa kwa kuchagua maneno mengine. Kitabu kilichotungwa kwa Kiswahili kingeanza na alama mbili za nukuu, na tatizo lisingezuka.

9. Hitimisho na mapendekezo

Historia ya 1991 hadi 2022 inaonesha kwamba kiwango cha wavuti kilifaulu kilipopewa mwili katika mfano unaoweza kunakiliwa na jaribio linaloweza kuonekana. Kilishindwa, au kikalazimika kujirekebisha, kilipotegemea agizo pekee. Kamati ya 1930 ilifanya kazi yake kwa kuidhinisha vitabu; kazi inayolingana na hiyo leo ni kuidhinisha violezo. Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanatolewa.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama yashirikiane na wataalamu wa kompyuta kutoa violezo vya kurasa vilivyo huru kunakiliwa. Violezo hivyo viwe na lang="sw", mifano inayozingatia ng', na maandishi ya Kiswahili tangu mstari wa kwanza. Istilahi mpya zinazopendekezwa na mabaraza ziwekwe humo, kwa kuwa mtumiaji ataziokota akiwa kazini, mahali ambapo orodha ya istilahi humfikia kwa nadra.

Pili, nyaraka za zabuni za tovuti za umma zitaje viwango na zisitaje kivinjari. Zidai ukurasa ujaribiwe katika vivinjari zaidi ya kimoja, katika simu ya kawaida, na kwa kisoma skrini kinachosoma Kiswahili. Kisa cha Korea Kusini kinatosha kuonesha gharama ya kufanya kinyume.

Tatu, mifano ya msimbo katika vitabu na mitaala iandikwe tarehe na ipitiwe kila baada ya muda, kama kamusi zinavyopitiwa. Mfano usiokuwa na tarehe huendelea kufundisha baada ya sababu yake kuisha.

Gharama ya mapendekezo haya ni ndogo ikilinganishwa na ya kuchelewa. Kurasa nyingi za Kiswahili bado hazijaandikwa. Zitakazoandikwa miaka ijayo zitaanza kwa kunakili kitu fulani, na uamuzi uliobaki kwetu ni wa kile kitakachokuwapo cha kunakiliwa.